Spika ya Upande wa Kushoto

Tarehe 11 Januari

Mjukuu wangu Bisibisi,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Sisi huku tupo. Shangazi yako anakusalimu. Anasema umekonda kwenye picha uliyomtumia, ingawa husema hivyo juu ya kila mtu asiyekula mikononi mwake. Mimi nimekonda kweli, na hilo halihitaji picha. Koo limefunga. Sauti ilianza kwa kukwaruza, ikawa mnong'ono, na sasa hata mnong'ono umekwenda. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, jambo ambalo mtu mzima analielewa bila kufafanuliwa.

Ndiyo sababu nakuandikia. Simu kwangu haina kazi tena, na vile vibonye vyenu vya kioo vidole vyangu vinavibonyeza vitatu kwa mpigo. Kalamu bado inanitii. Nilipima ardhi za watu maisha yangu yote na kuandika mipaka yao, na mkono umebaki na nidhamu hata baada ya mwili kuiacha.

Dereva atakuletea gari wiki hii. Ni lako, si la kuazima. Si la baba yako pia, ingawa najua litalala uani kwake kwa kuwa unakaa kwake. Mambo machache tu. Mlango wa mbele wa kushoto unakwama. Uvute juu kwanza ndipo uufungue, usiulazimishe. Bibi yako alikuwa akiufungua kwa vidole viwili. Asubuhi ukiwasha, lisubiri lipate joto. Redio ni ile ile ya kaseti na inatoa sauti upande wa kulia tu. Najua kazi yako ni kufunga redio za magari, na najua mikono itakuwasha, lakini hiyo iache kama ilivyo.

Baba yako hajambo? Usimwambie nimeuliza.

Ni mimi babu yako.


Tarehe 2 Februari

Babu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta na nafuu kidogo, hata kama ni ya kukaa kitako tu. Mwambie Shangazi sijakonda, ni picha. Gari limefika salama, na dereva alilikabidhi kama anayemtoa binti yake.

Baba aliliona kupitia dirishani. Akatoka, akapitisha kiganja kwenye boneti, akasema, "Bado halijapakwa rangi. Ningeshangaa." Akarudi ndani. Yeye ni mzima. Mabango yanamjia mengi siku hizi. Wiki iliyopita alikuwa juu ya ghorofa akifunga herufi ndefu kuliko yeye mwenyewe. Sikumwambia umeuliza.

Sasa redio. Usinikasirikie. Wateja wanakuja kwetu karakana wawekewe redio mpya, wanachungulia gari langu, wanatazamana. Bosi akaniambia, "Wewe, usije kazini na gari linaloimba upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu." Nikaitoa.

Nilidhani spika ya kushoto imekufa, karatasi yake imeliwa na unyevu. Nikafungua ubao wa mlango, nikagusisha betri ndogo kwenye ncha zake. Ikasema tok. Safi kabisa, Babu. Miaka yote hiyo spika ilikuwa hai mlangoni, inangoja tu. Basi nikafuata waya hadi nyuma ya redio, na huko nikakuta zimekatwa. Si panya, panya hutafuna. Si kutu. Zimekatwa kwa koleo, zote mbili kwa urefu mmoja, zikakunjwa, na ncha zake zikafungwa plasta, ile ya kubandika kwenye kidonda. Mtu anayekata kwa hasira hukata pale mkono ulipofika. Huyu aliacha mkia mrefu, ili siku moja ziungwe tena.

Nilimuuliza Baba. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Spika ya upande wa Mama? Imekufa tangu niko shule. Mama mwenyewe alikuwa akiwaambia wageni, mume wangu akinunua spika mbili, ya pili ataifungia sandukuni isichakae. Babu yako hakuona sababu ya kuitengeneza. Kama vile chuma cha ngazi." Hapo kicheko kikakatika, akaenda zake.

Habari ya chuma cha ngazi naijua vipande vipande. Kwamba Baba alikuomba ufunge chuma cha kushikilia kwenye ngazi za mbele ya nyumba, hukufunga, na Bibi akaanguka pale pale. Kwamba mazishini Baba alikwambia neno na tangu siku ile hajakanyaga huko. Hilo sikuulizi. Nauliza waya tu.

Nani alizikata?

Mjukuu wako,
Bisibisi


Tarehe 20 Februari

Marahaba, mjukuu wangu.

Nimefurahi kwamba umepokea gari. Huku mvua imetoboa paa la jikoni, na shangazi yako ametega masufuria sakafuni, kila moja lina mlio wake. Muuguzi anakuja siku mbili mbili. Anazungumza nami kwa kupayuka. Watu wakiona huna sauti hudhani huna na masikio, nami sina namna ya kumwambia mama, punguza.

Kuhusu ulilouliza, gari la zamani lina mengi. Waya hukatika.

Nilikuomba uiache redio na hukuiacha. Una kichwa cha bibi yako, na sitapigana na kichwa hicho kwa mara ya pili. Funga hiyo mpya utakavyo. Ila niambie, kiti cha kushoto anakaa nani? Ukiwa peke yako hakuna neno.

Chini ya kiti cha nyuma kuna kasha lenye kaseti. Ni za kwaya ya bibi yako, zilirekodiwa wakati akiiongoza. Zitunze. Na ukizipiga, usizipige kwa sauti kubwa.

Nimechoka kidogo leo. Nisalimie unaoweza kuwasalimia.

Babu yako.


Tarehe 15 Machi

Babu, shikamoo.

Pole na paa, na pole na muuguzi. Mwandikie kwenye kadi, "Nasikia," uibandike kifuani.

Nimemaliza. Laiti ungeliona. Redio mpya ina kioo badala ya vinundu, simu inaungana nayo bila waya, amplifaya nimeificha chini ya kiti cha dereva, na spika ni nne mpya, mbili mbele, mbili nyuma. Ile ya kushoto ya zamani sikuitupa. Nimeiweka kabatini, sijui kwa nini. Waya zako zilizokatika zenyewe na kujifunga plasta zenyewe nimeziunga.

Halafu nikafanya jambo nililodhani ni zuri. Nilihamishia kaseti moja kwenye simu, nikaisafisha mikwaruzo, nikamwambia Baba twende tukazunguke. Akakaa kiti cha kushoto. Nikawasha bila kumwambia ni nini. Kwanza anasikika Bibi akikohoa, kisha anasema, "Haya, wavivu wangu," kisha kwaya inaingia. Baba akatabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu niwe mtu mzima.

Haikumaliza dakika. Akaweka kiganja kwenye sikio la kushoto. Akaniambia nipunguze. Nikapunguza. Akasema bado. Nikamtania, "Baba umezeeka, hii ndiyo sauti ya chini." Akasema, "Zima." Nilipomtazama alikuwa amekuwa rangi ya majivu, ameshika dashibodi kwa mikono miwili ilhali gari limesimama kwenye taa. Akafungua mlango akatapika barabarani.

Akasema ni chakula cha mchana. Nilipombana jioni akasema lile sikio ni kama lina maji, na ndani yake mna kitu kinavuma kama friji. Limeanza tangu mwaka jana, linakuja na kuondoka. Eti kwaya ameisikia imeharibika, waimbaji wote wameshuka sauti upande mmoja, na akanilaumu mimi na spika zangu. Nimepima kila kitu, Babu. Spika hazina kasoro.

Amenikataza kusema kwa mtu. Wewe si mtu, wewe ni babu yangu. Mwezi ujao anaanza bango kubwa kuliko yote, lile la pale mzunguko wa barabara, na anasema hiyo ndiyo kazi itakayomtoa.

Bisibisi


Tarehe 24 Machi

Mjukuu wangu,

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nikairudia.

Baba yako asipande juu. Si bango hilo, si bango lolote, si ngazi ya kubadilishia taa. Nimemwandikia shangazi yako kwenye karatasi maneno ya kumwambia kwa simu, na atampigia kabla sijafunga bahasha hii.

Usiniulize sababu. Nipe muda.

Babu yako.


Tarehe 2 Aprili

Babu, shikamoo.

Natumaini unaendelea. Mimi siendelei.

Shangazi alipiga. Nilikuwepo. Baba alisikiliza, akasema, "Mwambie mzee asiwe na wasiwasi, ngazi si yake, ni ya kampuni. Ikivunjika hatalipa yeye." Akakata. Akala chakula chake chote bila kuinua macho.

Bango ameanza. Jana nilipita pale na gari la mteja nikamwona juu, amekumbatia nguzo, shavu limebandikwa kwenye chuma. Hafanyi kazi, amekumbatia tu. Wenzake chini walikuwa wanamtania, "Mzee, umepata mchumba huko?" Alipotulia akashuka, akawaambia alikuwa anatafuta spana iliyonasa.

Kwenda kwa daktari hataki. Anasema daktari atamwandikia apumzike, na kupumzika hakuna anayekulipa. Nikimwambia asipande ananiuliza kwa nini. Sina cha kujibu, kwa sababu wewe hunipi.

Babu, wewe unajua kitu. Kiko kwenye zile waya. Kama ni aibu yako, nipe nikubebee. Kama si yako, mwenye nayo ni nani, na yuko wapi ambako hawezi kukusamehe?

Bisibisi


Tarehe 12 Aprili

Bisibisi,

Leo sina habari za paa wala za shangazi. Barua yako nimeilalia chini ya mto kwa muda usio na udhuru. Nimeanza kuandika hii nikachana, nikaanza tena. Sijawahi kuvunja ahadi niliyompa mtu huyu, na sikujua kwamba mkono nao hukataa.

Waya nilizikata mimi. Nilizikata mchana, gari limeegeshwa nyuma ya nyumba, na bibi yako akiwa amenishikia tochi. Plasta ilitoka kwenye mkoba wake.

Ilianza wakati kwaya yake iko juu kabisa, inaalikwa kila mahali. Sikio lake la kushoto likawa kama lina maji, na ndani mna kitu kinavuma kama friji. Maneno hayo ni yake, na baba yako hakuwahi kumsikia akiyasema. Baadaye sauti zikaanza kumwingia zimevunjika. Noti moja, sikio la kulia linaisikia ilivyo, la kushoto linaisikia imeshuka, kama watu wawili wanaobishana. Kwa mtu mwingine hiyo ni kero tu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya waimbaji na kusema wewe umeshuka, wewe umepanda, fikiria mwenyewe. Kisha kikaja kizunguzungu. Tulikwenda mji mwingine kwa daktari wa masikio, tukaaga kwamba tunakwenda kuangalia kiwanja. Daktari alieleza kwamba shida iko kwenye maji ya ndani ya sikio, yale ambayo mwili hupimia usawa wake. Nilimwelewa upesi. Ni kama pima maji yangu ya kazini. Povu likihama, ardhi yote imelala upande, hata kama haikusogea. Akasema tiba ni ya kupunguza tu. Akasema pia kwamba ugonjwa huo mara nyingine hufuata damu.

Njiani kurudi bibi yako akaniapisha. "Wakijua watanihurumia," alisema. "Nikimrekebisha mtu watatazamana. Niache niishike kwaya yangu mpaka niiachie mwenyewe." Akaishika miaka, kwa sikio moja. Alijifunza kusimama kiubavu mbele yao, shingo imegeuka, na watu wakasema ana maringo. Aliyapenda maringo hayo kuliko huruma.

Garini ile spika ya mlangoni ilikuwa inamchoma kama sindano. Najua wewe fundi utauliza, kwa nini kukata, wakati redio ilikuwa na kinundu cha kuhamishia sauti kulia? Nami nilisema hivyo. Akajibu, "Kinundu mtu atakigeuza." Baba yako alikuwa kijana wa kugeuza kila kinachogeuka. Angegeuza, angesikia spika inafanya kazi, angeuliza. "Kitu kibovu hakiulizwi," bibi yako akasema. "Anaulizwa mwenye nacho, kwa nini hakitengenezi." Nikamwambia basi watasema mimi bahili. Alicheka mpaka akashika mlango. "Kwani hawasemi?"

Basi nikawa bahili. Ule ubahili tuliushona wote wawili: yeye kwa utani mbele ya wageni, mimi kwa kukaa kimya na kuuvaa. Sikuuona mzito wakati huo. Alipokaa kushoto, sikio lake zima lilikuwa upande wangu, redio inaimba kwa chini, na njia nzima alinisimulia yote ambayo siku ile alijifanya ameyasikia na hakuyasikia. Sijazungumza na mtu vile, kabla yake wala baada.

Chuma cha ngazi nilikuwa nimeshakinunua baba yako aliponiomba. Kipo stoo hadi leo. Bibi yako alikataa kifungwe. Alisema kila mpita njia ataona chuma na kujua kuna anayeyumba. Nikangoja abadili nia. Alipoanguka nilikuwa ndani natafuta miwani.

Mazishini baba yako aliniambia, "Hata chuma uliona uchungu kumnunulia." Siku ile sauti nilikuwa nayo, Bisibisi, nzima, ya kutosha kumjibu. Nikaona nikijibu nitakuwa nimemwanika mama yake kabla udongo haujakauka. Nikanyamaza. Baadaye kunyamaza kukawa kunajiendesha kwenyewe, na mwanangu akawa hapokei simu, nami nikawa sina sauti ya kupiga.

Bibi yako ameshafanya alilotaka. Kwaya aliiachia mwenyewe, kwa mikono yake, na hakuna aliyemhurumia. Lakini hakuniapisha nimzike na mwanawe.

Mpe baba yako barua hii. Usimweleze, mpe asome. Mwandiko wangu anaujua. Alikuwa akiughushi kwenye ripoti za shule. Nampa yule dereva aliyekuletea gari, maana posta itachelewa. Ukimkuta juu, usimpigie kelele kutoka chini.

Wewe ukimkumbuka bibi yako, mwombe radhi kwa niaba yangu. Mimi nitamwomba mwenyewe karibuni.

Babu yako.


Tarehe 3 Mei

Babu, shikamoo.

Shangazi ameniambia kwenye simu kwamba sasa hukai, unalala tu, na kwamba atakusomea. Shangazi, soma polepole, na usiruke mahali popote kwa kumwonea huruma.

Dereva alinikuta kazini. Nilisoma barua nikiwa nimesimama, nikachukua gari nikaenda mzungukoni. Baba alikuwa juu. Nikaegesha chini ya bango nikakaa. Sikupiga honi. Nilikaa mpaka akaniona, akaanza kushuka kwa hasira kuja kuniuliza nimeacha kazi kwa nini. Alishuka ngazi moja moja, na kila moja akasimama. Alipofika chini nikaona fulana yake imelowa kama aliyemwagiwa ndoo.

Nikamfungulia mlango wa kushoto. Akakaa, miguu nje, nikampa barua. Alipoona mwandiko alitaka kunirudishia. Kisha akasoma. Wenzake waliita, hakuwasikia. Walikuwa upande wa kushoto. Alipomaliza akabaki ameishika, akasema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa anageuza shingo." Akaikunja. "Nilikuwa namwigiza, unajua? Sebuleni, mbele ya dada yangu. Natembea nimegeuza shingo, tunacheka."

Hakupanda tena. Tumekwenda kwa daktari wa masikio. Amesema yale yale aliyoyasema wa kwenu, kwa maneno mapya na mashine mpya. Sikio la kushoto limeshakwenda sehemu kubwa na halirudi. Dawa zitapunguza kizunguzungu. Juu hakuna kupanda tena maishani. Kampuni imempa bango mtu mwingine. Baba anakaa uani tangu hapo, mikono mapajani. Kuna siku nilimkuta anatazama taa ya veranda iliyoungua, na hakuniomba niibadilishe. Sitakudanganya kwamba ni mchangamfu.

Lakini jana alikuja karakana kwa miguu. Akasimama kando ya gari, akasema, "Kata." Nikamwambia hakuna haja ya kukata, hii redio mpya nagusa kioo tu, sauti inahamia kulia. Akaniambia, "Kioo mtu atakigusa." Tukatazamana.

Basi nimekata, Babu. Waya mpya kabisa, nilizoziunga mwenyewe. Nimeziacha na mkia, nimezikunja, na ncha nimezifunga plasta. Baba alinishikia tochi.

Jumamosi tunaanza safari. Mimi nitaendesha, yeye atakaa kushoto, sikio lake zima litakuwa upande wangu. Kwenye buti kuna kipande cha bomba alichokikata kutoka kwenye ngazi yake ya kazini, ile yake mwenyewe, si ya kampuni. Amelisugua na kulipaka rangi. Ni la kushikilia, la ngazi za mbele ya nyumba. Anasema usijisumbue kutaka kuongea tukifika. Yeye mwenyewe hasikii vizuri.

Tungoje, Babu.

Bisibisi


Tarehe 9 Mei

Bisibisi,

Shangazi yako alinisomea na hakuruka. Naandika kwa vipande, mstari kisha nalala. Leo ni Jumamosi, kwa hiyo mko njiani, na barua hii itakuta nyumba imefungwa. Nimefurahi. Ni barua ya kwanza ninayoiandika nikiomba isimkute mtu. Shangazi yako ataipeleka posta hata hivyo, muikute mkirudi, ila kwanza atawasomea kwa simu.

Mwambie baba yako alivyomwigiza mama yake alionekana. Tulikuwa nyuma ya pazia. Bibi yako alicheka kuliko wote.

Chuma changu kiko stoo, nyuma ya mapipa. Kina kutu, lakini kutu ni ya juu juu. Nilikuwa nawaza ngazi zile ni pana, na mtu anayeyumba hachagui upande. Fungeni vyote viwili. Cha baba yako kushoto, changu kulia. Nimemwandikia shangazi yako kwenye karatasi kipimo cha kila tundu, awape mkifika.

Mkikuta shangazi yako ndiye anayefungua geti, na macho yake hayataki kukutana na yenu, msiulize kwanza. Anzeni na ngazi. Nitakuwa ndani, kwa vyovyote.

Mlango wa kushoto, mwambie baba yako auvute juu, ndipo aufungue.

Babu yako.